Ngazi ya Nyumba Hupimwa Kabla ya Msingi Kuchimbwa

Wahenga walisema kwamba mpanda ngazi hushuka. Walikuwa wakionya juu ya makuu ya dunia, lakini mwenye kujenga nyumba ya orofa yafaa ayashike maneno hayo kama yalivyo. Ngazi hupandwa na kushukwa kila siku, mchana na usiku, na mtoto aliyeanza kutembea na bibi mwenye magoti mabovu. Sehemu nyingine za nyumba zikikosewa huudhi macho. Ngazi ikikosewa huvunja mifupa.

Siku hizi nyumba za orofa si za mjini tu. Mashamba yamegawanywa kwa watoto na wajukuu, na mkulima mwenye eka moja huona heri ajenge kwenda juu kuliko kuifunika ardhi ambayo ingeotesha mahindi au majani ya ng’ombe. Fikira hiyo ni njema. Shida ni kwamba wengi huzitia akilini sebule, vyumba vya kulala na bati, wakaiacha ngazi mpaka mwisho, kana kwamba ni samani ya kununuliwa baadaye.

Mara nyingi mambo huenda hivi. Msingi umechimbwa, kuta zimesimama, na mbao za kumiminia sakafu ya juu zimekwisha pangwa. Ndipo fundi humwuliza mwenye nyumba, “Mzee, ngazi tuiweke wapi?” Naye mzee hutazama huku na huku, kisha huonyesha pembe iliyobaki karibu na jiko: “Iweke hapo, fundi wangu, mradi tufike juu.” Basi huachwa tundu dogo, na fundi hulazimika kuvibana vidato. Kila kidato huwa na kimo cha sentimita 25, na mahali pa kukanyagia sentimita 20 tu, hata wayo wa mtu mzima hautoshi. Nyumba ikiisha, mama yake mwenye nyumba hapandi juu hata siku moja, na watoto hushuka kwa kukaa kitako. Kuisahihisha ngazi hiyo ni kuvunja zege na kukata nondo, yaani kulipa mara ya pili kwa kazi ambayo ingefanywa mara moja.

Hesabu ya ngazi si ngumu, na kila ajuaye kugawanya aweza kuifanya mwenyewe. Kwanza hupimwa urefu wote kutoka sakafu ya chini hadi sakafu ya juu. Tuseme ni mita 3, yaani sentimita 300. Kimo kinachofaa kwa nyumba ya watu ni baina ya sentimita 16 na 18. Ukigawanya 300 kwa 18, wapata vidato 18, kila kimoja kikiwa na kimo cha sentimita 16.7 hivi. Mahali pa kukanyagia pasipungue sentimita 25, na 28 ni bora zaidi.

Iko kanuni ya kupima kama vipimo hivyo viwili vyapatana. Ilielezwa katika karne ya 17 na Mfaransa François Blondel, mwalimu wa ujenzi, ambaye aliitazama hatua ya mtu anayetembea. Chukua kimo mara mbili, ongeza upana wa kikanyagio. Jibu liwe baina ya sentimita 60 na 65. Katika mfano wetu, kimo mara mbili ni 33.4, na 28 juu yake ni 61.4. Ngazi hiyo itapandika vizuri. Lakini ile ya pembe ya jiko ina 50 na 20, jumla 70, na ndiyo sababu magoti huikataa.

Sasa hutazamwa nafasi. Vidato 18 vina vikanyagio 17, maana cha mwisho ni sakafu yenyewe ya juu. Kumi na saba mara 28 ni sentimita 476. Kwa hiyo ngazi iliyonyoka hutaka karibu mita 5 za urefu, pamoja na nafasi ya kusimama chini na juu. Watu wengi hushtuka wasikiapo hivyo. Ikiwa nafasi hiyo haipo, ngazi hukatwa katikati kwa kituo, yaani mahali bapa pa kupumzikia na kugeukia. Vidato 9 hupanda upande mmoja, na 9 hurudi upande wa pili. Ngazi kama hiyo hutosha katika nafasi ya mita 3 na robo kwa mita 2 na kidogo. Tena mtu akianguka, hafiki chini moja kwa moja, kituo humpokea.

Tundu la sakafu nalo lina hesabu yake. Kila mahali pa ngazi pabaki mita 2 juu ya kidato, ili mtu mrefu asigonge kichwa. Katika mfano wetu wa ngazi iliyonyoka, ikiwa sakafu ya zege ina unene wa sentimita 15, basi kuanzia kidato cha sita pasiwe na sakafu juu ya kichwa. Upana wa ngazi usipungue sentimita 90, na mita moja ni bora. Kumbuka kwamba kitanda na kabati vitapita hapo, na siku ya ugonjwa huenda mtu akabebwa hapo.

Watu wengine husema kwamba ngazi ya wima si kosa, kwa sababu nyumba za mawe za Lamu zina ngazi za namna hiyo na zimesimama miaka mingi. Hilo ni kweli, lakini mafundi wa Lamu walikuwa na sababu. Walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zao zilichukuliwa na boriti za mikoko. Boriti hizo hazikuwa ndefu, kwa hiyo vyumba vilikuwa vyembamba, visivyofika mita 3 kwa upana, na ngazi ilibanwa baina ya kuta. Walifanya kazi nzuri kwa kadiri ya vifaa vyao. Mwenye zege na nondo leo hana udhuru huo.

Jambo kubwa kuliko yote ni kwamba vidato vyote viwe sawasawa. Mguu hujifunza kimo katika vidato viwili vya kwanza, kisha huendelea bila kutazama. Kikitokea kimoja kilichozidi au kupungua, mtu hujikwaa. Kosa hili huingia kwa hila. Fundi humimina ngazi vizuri, halafu miezi mitatu baadaye huja mwingine kuweka lipu na vigae chini, unene wa sentimita 5. Kidato cha kwanza, kilichokuwa 16.7, sasa ni 11.7. Vikiwekwa vigae juu pia, na vidato vikaachwa vilivyo, cha mwisho huwa 21.7. Kwa hiyo urefu wa ngazi hupimwa kutoka sakafu iliyokwisha malizika hadi sakafu iliyokwisha malizika, wala si kutoka zege hadi zege.

Unene wa zege na ukubwa wa nondo ni kazi ya mhandisi, na michoro yote hupelekwa kwa serikali ya kaunti ili ikubaliwe kabla ya kazi kuanza. Hata hivyo mwenye nyumba aweza kuangalia mambo machache. Nondo kubwa za mteremko hulala upande wa chini wa zege, zikiinuliwa kidogo kutoka kwenye mbao kwa vijiwe vya saruji. Zege ikisha kumiminwa, inyweshwe maji kwa siku 7 au zaidi. Nguzo za kuitegemeza zisiondolewe mpaka mhandisi aruhusu, hata kama fundi anazihitaji mbao zake kwingine.

Reli ya kushikia iwe na kimo cha sentimita 90 au zaidi kidogo. Viguzo vyake visimame wima, wala visilazwe, maana vilivyolazwa watoto huvipanda. Nafasi baina yao isizidi sentimita 10, kichwa cha mtoto kisipite. Pawe na dirisha la kuleta mwanga, na penye umeme pawe na swichi mbili, moja chini na moja juu. Vigae vya kung’aa visitumiwe, kwa kuwa vikilowa huteleza. Tena ni busara chumba kimoja cha kulala na choo viwe chini, kwa ajili ya wazee na wagonjwa, hata ngazi ikiwa nzuri namna gani.

Kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi, iko njia rahisi ya kujaribu. Zipigwe mambo kiwanjani na kuvutwa kamba kwa vipimo vya kweli vya ngazi, ili nafasi yake ionekane kwa macho. Kisha yapangwe matofali ya vidato vitatu, kila kimoja sentimita 16.7 kwenda juu na 28 kwa kukanyagia. Aitwe mama mzee apande na kushuka. Akishuka bila kutafuta bega la kushika, msingi na uchimbwe. Akisita, hesabu irudiwe, maana kufuta kwa kalamu hakugharimu kitu.