Maoni: Likelemba bila kutembeleana ni deni tupu

Siku mwanachama anapofiwa ndipo utajua kama likelemba au AVEC yenu ni kikundi kweli, ama ni sanduku tu.

Hapa Obokote, kama kwingine katika jimbo letu la Maniema, wamama wengi wanaendesha biashara kwa pesa ya wenzao. Benki ziko Kindu mjini, lakini muuza sombe au mawese hana hati ya nyumba wala mshahara wa kuweka rehani. Rehani yake ni watu wanaomjua: wanajua anapolala, anapouzia, na namna alivyolipa mwaka jana.

Likelemba ni ya zamani: kila mtu anatoa sawa, mmoja anabeba yote, zamu inazunguka. AVEC, mtindo ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, imeongeza mambo. Kwa kawaida watu 15 hadi 25 wananunua hisa, moja hadi tano kwa kila mkutano. Pesa inalala ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Mwanachama anaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake. Baada ya miezi 9 hadi 12, wanagawana akiba na faida.

Kando ya hisa kuna mfuko mwingine mdogo, mfuko wa kijamii. Kila mmoja anatia kiasi sawa, kwa ajili ya ugonjwa, matanga au nyumba kuungua. Vikundi vya MUSO navyo vina sanduku jekundu kwa kazi hiyo hiyo, mbali na sanduku la kijani la akiba.

Siku hizi nasikia wengine wakisema: mfuko huo unalala bure, tuutie kwenye hisa tupate faida zaidi. Naona ni kosa kubwa.

Fikiria mama aliyekopa faranga 200 000 ili anunue mchele wa kuuza. Wiki ya tatu mtoto wake anashikwa na malaria kali. Mfuko wa kijamii ukiwepo, dawa inalipwa na mtaji unabaki sokoni. Usipokuwepo, mtaji ndio unakwenda hospitali. Siku ya kulipa hana kitu. Anaona haya, anaacha kuja mkutanoni, anapita njia ya nyuma ili asikutane na wenzake. Kikundi kimepoteza pesa, kimepoteza na mtu.

Wala si pesa peke yake. Wenzake wakimfuata hospitalini na sufuria ya wali, itakuwa vigumu awakimbie kesho. Nao wakiwa wameona hali kwa macho yao, watajua kumtofautisha aliyepatwa na aliyekula pesa.

Tusijidanganye, wema una mtego wake. Kuna vikundi ambamo mkubwa akifiwa wote wanachangishwa, lakini mjane akifiwa anaambiwa mfuko umeisha. Kuna pia mwenye deni ambaye kila siku ya kulipa anasema «sisi ni ndugu». Hapo undugu umegeuka njia ya kula jasho la wengine.

Dawa ni kutenganisha. Msaada uandikwe kwenye daftari lake, kiasi kimoja kwa mwenye cheo na asiye na cheo. Deni libaki deni. Mwenye shida aongezewe muda mbele ya mkutano wote, si nyumbani kwa mwenyekiti. Na kabla ya kutuma watu wakabebe redio au mbuzi wa mtu, kikundi kitume kwanza wawili wamsalimie na kumuuliza kuna nini.

Hata wanaotuma mchango kwa simu, kwa M-Pesa au Airtel Money, wasiache mkutano. Simu inapokea pesa, lakini haimwoni mtu aliyekonda.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua sanduku na kugawana, kila kikundi kijiulize: katika mzunguko huu nani alipatwa na shida, na sisi tulifika kwake?