Mfanyabiashara Asile Mtaji: Funzo la Pwani ya Mtwara

Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Yeyote anayetaka kuwahimiza wananchi wa Mikindani, Msimbati na vijiji vya maingilio ya Mto Ruvuma waanzishe biashara zisizoharibu mazingira, hana budi kuanza na methali hiyo, wala asianze na hotuba juu ya uzuri wa matumbawe. Mvuvi aliyerusha baruti baharini hakuwa mjinga wa kutojua kwamba anaua mazalia ya samaki. Mchoma chokaa aliyevunja matumbawe na kuyatia tanurini alijua vilevile kwamba jiwe lile halitaota tena katika umri wake. Lakini wote wawili walijua pia kwamba nyumbani chungu kilikuwa hakijatelekwa.

Mwaka 2000 Serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 650 za bahari, mikoko na nchi kavu. Hifadhi hiyo haikuwekwa mahali patupu. Vijiji vimo ndani yake, na watu wake wanaendelea kuvua, kulima na kulea watoto. Sheria yaweza kumkataza mtu asitende jambo, lakini haiwezi kumlisha. Kwa hiyo swali lililo mbele yetu ni moja: watu hao waishi kwa kazi gani?

Biashara inayohifadhi mazingira haipatikani kwa kubandikwa jina hilo katika ripoti ya mfadhili. Ni biashara isiyokula mtaji wake. Mwenye mzinga wa nyuki katika mikoko anahitaji mikoko isimame ili apate asali. Mkata magogo anahitaji ianguke. Mtengeneza chumvi anayelitegemea jua harudi msituni kila siku kama anayechemsha maji kwa kuni, mradi tu asifyeke mikoko ili apate mahali pa kuchimba mashamba yake ya chumvi. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo lote.

Tunayo historia yetu wenyewe ya kujifunzia. Katika msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna korosho zipatazo tani 145,000. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi tani 17,000 hivi. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo, ugonjwa wa ubwiriunga uliingia mashambani, na kuhamia vijijini kuliwaweka wakulima wengi mbali na mikorosho yao. Katika miaka hiyohiyo tulijenga kwa mikopo viwanda vikubwa vya kubangua, navyo vikakosa korosho za kubangua. Tuseme kweli kwa moyo wa kujisahihisha: tulitunza mashine, tukausahau mti na mwenye mti. Utafiti wa Naliendele na bei nzuri zaidi vilisaidia kuurudisha mkorosho, hata msimu wa 2017/18 mavuno yakavuka tani 300,000. Hata hivyo sehemu kubwa ya korosho hizo iliuzwa nje ikiwa ghafi. Maganda, ambayo hutoa mafuta yanayotumika katika rangi na breki za magari, yaliondoka pamoja nazo. Mabibo nayo huozea chini ya miti, isipokuwa yale machache yanayogeuzwa uraka.

Mwani unatoa funzo la namna hiyohiyo. Kilimo chake kilianza kibiashara Unguja mwaka 1989, kikaenea hadi pwani ya Kusini. Mkulima, ambaye mara nyingi ni mwanamke, hufunga vipande vya mwani katika kamba maji yakiwa yamekupwa wakati wa bamvua, na baada ya wiki sita hivi huvuna. Hakati mti wala hahitaji mbolea. Lakini anauza mwani mkavu kwa bei iliyopangwa na wanunuzi wa mbali, na maji yanapozidi joto, aina yenye bei nzuri hufa. Je, biashara ya namna hii itadumu kwa kusifiwa tu kwamba haiharibu bahari? Akina mama wa Paje na Kidoti huko Unguja walionyesha njia nyingine walipoanza kusaga mwani na kutengeneza sabuni.

Basi anayeanza ayazingatie mambo matatu. Kwanza, amjue mnunuzi kabla ya kununua kamba au mzinga. Bidhaa isiyo na soko haihifadhi kitu. Pili, aandike. Mali bila daftari hupotea bila habari, na vikundi vingi vimevunjika kwa sababu hakuna aliyejua fedha imekwenda wapi. Tatu, wajiunge katika ushirika wao wenyewe, kwa kuwa mkulima mmoja wa mwani hawezi kubishana bei, lakini kijiji kizima chaweza.

Viongozi nao wana wajibu wao. Sheria imezitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo imfikie mwenye mzinga na mwenye kamba ya mwani, isiishie kwa waliozoea kujua milango ya ofisi.

Gesi iliyogunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982 imewasha taa za Mtwara, na tangu mwaka 2015 husafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam. Ni neema, lakini ni neema yenye mwisho. Mikoko, matumbawe na mikorosho havina mwisho iwapo vitatunzwa, na havitatunzwa mpaka mwananchi anayekaa navyo aone faida yake mkononi mwake, si kesho tu, bali msimu huu.