Si Laptopu Yangu, Ni Mstari Wako

Kihariri kikiganda, jibu huwa lile lile: nunua laptopu mpya. Wasee, acheni hizo. Hapa Magunga naangalia filamu ya saa mbili kwa mashini hii bila shida, lakini faili la JSON la megabaiti 5, lililobanwa lote kwa mstari mmoja, linagandisha skrini hadi chai ipoe.

Tatizo si uzito wa faili. Vihariri vingi vilijengwa kwa imani kwamba mstari ni mfupi, kama wa barua. Ukisogeza kishale hatua moja tu, programu inaweza kuanza kuupima mstari mzima upya: rangi, mabano, mahali pa kuukunja. Watumiaji wa Emacs walilia na hili miaka mingi. Dawa ya maana ikaja na toleo la 29, mwaka 2023. Vim yenyewe, usipoibadilisha, huacha kupaka rangi baada ya safu ya 3000, na haioni aibu.

Kumbe inawezekana. Basi wewe unayenitumia kazi saa tano usiku ukiitaka asubuhi, kata hiyo mistari kwanza. Na ninyi mnaounda vihariri: rangi zikiwashinda, wekeni kando. Nipeni maandishi nisome.