Jiko la Uani na Miguu Yake

Barua nitakayoijibu leo haikutoka Keko wala Magomeni. Imetoka kwa kaka yangu, ambaye kwa miaka mingi anafanya kazi na kulea watoto wake katika mji wa Lafayette, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Swali lake ni moja tu: anunue jiko gani la kuchemshia kamba uani? Nami, kwa kuwa kila mwaka ninapokea barua zenu zinazouliza habari za masufuria ya shughuli, nimeona afadhali jibu lake lipitie katika ukurasa huu, ili kila mwenye uwanja na wageni wengi apate fungu lake.

Nianze na kisa chenyewe. Ijumaa Kuu ya mwaka 2023 kaka aliwakaribisha majirani na watu wa kanisani kwake. Alikuwa na jiko la gesi la miguu mitatu, refu kiasi cha kufika kiunoni, alilolinunua kwa bei rahisi kwa sababu hakutaka kuinama. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Juu ya jiko palikuwa na sufuria yenye maji yapata lita hamsini, yaliyotiwa chumvi na pilipili, nayo yalikuwa yakitokota. Mguu mmoja ukadidimia katika udongo, sufuria ikainama polepole, halafu ikaenda yote kwa pamoja. Maji yalifika kwenye ngazi za mlango wa nyuma, mahali ambapo muda mfupi kabla yake watoto watatu walikuwa wameketi wakimenya vitunguu saumu. Walikuwa wameitwa kwenda kutandika meza.

Wifi yangu hakupiga kelele. Alifunga gesi, akawahesabu watoto, kisha akasema kwamba uani kwake hapatawashwa jiko jingine mpaka yeye mwenyewe alione na kuridhika nalo. Mwaka 2024 wala hapakuwa na haja ya kubishana, maana ukame wa kiangazi cha 2023 uliharibu mazao, na kamba wakawa adimu na ghali hata matajiri wakawaonea uchungu. Mwaka 2025 ndipo suala lilipofufuka.

Yamkini utauliza, kamba gani hao wanaotaka jiko la peke yao? Si kamba wetu wa baharini. Ni kamba wa maji baridi, anayefanana na kambakoche aliyedumaa: ana magamba mekundu, makucha mawili mbele, na urefu wake haupiti sana kidole cha mtu mzima. Wakulima wa Louisiana huwafuga katika mashamba ya mpunga. Mpunga ukishavunwa, shamba hujazwa maji tena wakati wa vuli, na kamba huvunwa tangu majira ya baridi hadi mwanzo wa kiangazi. Mji mdogo wa Breaux Bridge, karibu na Lafayette, ulipewa na baraza la kutunga sheria la jimbo hilo mwaka 1959 jina la mji mkuu wa kamba duniani. Msidhani mambo haya ni ya mbali mno: kamba wa jamii hiyo hiyo waliingizwa katika Ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1970, wakazaana, wakavuliwa na kuuzwa hata Ulaya, na mimea ya ziwa ikaingia matatani kwa ulafi wao.

Huuzwa wangali hai, kwa gunia la nyavu lenye kilo kumi na nne au zaidi kidogo. Usidanganywe na uzito huo. Nyama iliyomo ni ya mkiani tu, na mlaji hodari humaliza kilo mbili bila kutoka jasho, isipokuwa lile la pilipili. Gunia moja basi ni la watu saba au wanane. Hapo ndipo mwanamume anapopotoka. Huhesabu wageni thelathini, akatafuta sufuria itakayomeza magunia manne kwa mara moja.

Kaka yangu aliniandikia hivyo hivyo. Barua nzima ilikuwa juu ya sufuria: ukubwa wake, unene wake, mng'ao wake. Juu ya moto aliandika mstari mmoja, na juu ya miguu hakuandika neno, yeye aliyeona kwa macho yake mguu mmoja ulivyofanya kazi. Nikamjibu kwamba aisome barua yake upya kutoka mwisho kwenda mwanzo.

Hebu tuuangalie moto kwanza. Kupika kamba hao ni kazi ya haraka. Maji huchemshwa na chumvi, pilipili kali, majani ya bei, ndimu na vitunguu saumu. Hutangulizwa viazi, na wengine hutia soseji, ambazo Mwislamu atahakikisha ni za ng'ombe. Kisha kamba hai, waliokwisha oshwa matope, humwagwa kwa mkupuo. Papo hapo maji huacha kutokota, kwa kuwa kilo kumi na tano za kitu cha baridi zimeingia. Jiko zuri huyarudisha katika kutokota upesi. Jiko dhaifu huwaacha kamba wakiogelea katika uvuguvugu, na mwishowe nyama inakuwa laini kama uji na kung'ang'ania gamba. Maji yakirudi kutokota, dakika tatu hadi tano zatosha. Moto huzimwa kabisa, na kamba huachwa ndani ya mchuzi huo kwa dakika ishirini au nusu saa wanywe viungo. Ndiyo maana watu wa huko wanapenda gesi kuliko kuni: gesi hutii mkono, ukiifunga imezimika, lakini kigogo cha kuni hakijui kwamba kamba wameiva.

Nguvu ya moto huandikwa kwenye boksi la jiko kwa kipimo kiitwacho BTU kwa saa. Kichomeo cha kawaida cha jiko la ndani la gesi hutoa kama elfu kumi. Majiko ya uani huanzia elfu hamsini, na mengine hujigamba kwa laki mbili. Nimepiga hesabu ya maji lita arobaini na tano, nikichukulia kwamba zaidi ya nusu ya joto hupotea hewani, kama inavyotokea kwenye upepo. Kichomeo cha elfu sitini kitachukua zaidi ya nusu saa kuyachemsha. Cha laki moja na nusu kitachukua robo saa hivi. Lakini tahadhari: tarakimu ile inaonyesha gesi inayoliwa na jiko, haionyeshi joto linaloifikia sufuria. Jiko lisilo na ukingo wa kuzuia upepo hupasha moto mtaa mzima. Tazama pia umbo la kichomeo. Kipo chenye tundu moja kinachonguruma kama ndege inayoruka, na kipo kipana cha chuma cha kalibu, chenye matundu mengi, kinachosambaza moto chini ya sufuria yote bila makelele. Mimi ningechagua hicho cha pili, kwa kuwa wageni huja kuzungumza.

Sasa miguu, ambayo kwangu ndiyo kiini cha barua hii. Chukua sufuria yenye maji lita arobaini na tano. Maji peke yake ni kilo arobaini na tano. Ongeza gunia la kamba, viazi, kapu la chuma na sufuria yenyewe. Unakaribia kilo themanini, uzito wa mwanamume mnene, naye ametengenezwa kwa maji ya moto na amesimama juu ya vyuma vyembamba baina ya watoto. Jiko la namna hiyo liwe fupi, lisipite goti. Liwe na miguu minne iliyotanuka nje kuliko kitako cha sufuria, iliyoungwa kwa kuchomelewa, si kwa skrubu zinazolegea kila msimu. Penye udongo mwororo, jiko lenye nyayo pana au vibao vya chuma chini ya miguu ni bora. Na penye sakafu ya saruji iliyo sawa, wazi, mbali na paa, ni bora zaidi. Kuliwasha chini ya paa la gari ni kualika moshi usioonekana, ule unaoua watu bila harufu.

Dukani usione haya. Weka viganja viwili kwenye ukingo wa sufuria iliyopandishwa juu ya jiko, usukume. Likitikisika likiwa tupu, likijaa litafanya nini? Bibi zetu waliopika pilau ya arusi juu ya mafiga matatu hawakufundishwa elimu ya uzito katika chuo chochote, lakini moto wao ulikuwa ardhini, na mafiga yalikuwa mapana na mazito. Aliyebuni jiko la kufika kiunoni alifikiria mgongo wa mpishi tu.

Juu ya sufuria sina mengi. Alumini ni nyepesi na rahisi, tena hupitisha joto haraka. Ila chumvi na ndimu zikilala humo usiku kucha huila na kuitia vishimo, hivyo lazima ioshwe siku ile ile. Chuma cha pua kisichoshika kutu hustahimili zaidi, lakini ni kizito na bei yake ni kubwa. Kwa kuchemsha maji tu, tofauti ya mapishi ni ndogo. Ukubwa wa kwati 100, yaani pungufu kidogo ya lita 95, unatosha gunia moja na viazi vyake bila kujaza kupita theluthi mbili. Gunia la pili na la tatu hufuata zamu, tena kwa haraka zaidi, maana maji yamekwisha kupata moto na viungo. Wageni hawatakasirika, wa kwanza wanapomaliza kumenya, wa pili wanapakuliwa.

Kinachostahili kutazamwa ni jinsi chakula kitakavyotoka. Ndani ya sufuria huwa na kapu la alumini lenye matundu, nalo likijaa linataka wanaume wawili na mti wa kupitisha kwenye mkono wake, huku maji ya pilipili yakichuruzika. Siku hizi yako majiko makubwa yaliyoundwa kama sanduku juu ya magurudumu, ambayo moto wake hupita katika bomba lililozama ndani ya maji yenyewe, na kapu lake hupinduliwa kwa bawaba moja kwa moja juu ya trei. Hapana kunyanyua. Kwa kanisa, kwa shule, au kwa mtu apikaye kila Jumamosi, ninayasifu bila kusita. Bei yake ni dola elfu moja na kuendelea, ilhali jiko na sufuria ya kawaida hupatikana kwa dola mia mbili au tatu. Kwa familia inayopika mara nne kwa mwaka, sanduku lile ni ng'ombe wa kufuga kwa ajili ya kikombe kimoja cha maziwa. Likiwa na bomba la kutolea maji chini, hakikisha mkono wake hauwezi kufunguliwa na mtoto.

Nimalizie upande wa gesi, kwa sababu hapa wasomaji wa nyumbani wanahusika. Majiko haya ya nguvu hutumia regulata ya mkandamizo mkubwa, iliyotengenezwa kwa ajili yake. Regulata ya mtungi wako wa kilo sita au kilo kumi na tano uliopo jikoni ni ya mkandamizo mdogo; haitalitosheleza jiko la namna hiyo. Usithubutu kusikiliza fundi anayekwambia uiondoe na kuunga mpira moja kwa moja. Mpira uwe mrefu, mtungi ukae mbali na jiko mita moja na nusu au mbili, tena mpira usikatize njia ya watu. Paka povu la sabuni kwenye maungio kabla ya kuwasha. Likifura, gesi inavuja. Na usishangae mtungi ukipata baridi hata kufanya ukungu nje: gesi inayotoka kwa kasi huupoza, mkandamizo hushuka, na moto hupungua. Anza na mtungi uliojaa.

Kaka yangu alikwenda dukani na wifi. Yeye alikuwa amekwisha penda sufuria moja kubwa inayong'aa. Wifi aliipita, akainama, akatazama miguu ya majiko sita, akasukuma manne, na matatu yakatikisika. Wakarudi na lile la nne: fupi, zito, miguu minne, rangi nyeusi isiyovutia. Sufuria walichukua ya alumini, ya kwati 100, pamoja na kapu. Jumamosi moja ya Aprili 2025 wakaliweka juu ya saruji, na wifi akafunga kamba kuzunguka mahali hapo, hatua tatu kila upande, akawaambia watoto kwamba kamba wa kula wako ndani na kamba ya kuzuia iko nje, na asiyejua tofauti yake atakula viazi vitupu.

Walipika magunia matatu. Meza ilitandikwa magazeti, kama ilivyo desturi ya huko, na kamba wakamwagwa juu yake bila sahani. Kaka ameniletea picha. Anasema mgongo unamuuma kwa kuinama.