Cha juu, juu ya nini?

Leo tuache kidogo mambo ya PHP na hifadhidata. Kuna jambo limenikaa kooni wiki tatu sasa, na ingawa linahusu magari, kila nikilitazama naona ni tatizo la data kabla ya kuwa tatizo la magari. Mliokuja kutafuta sehemu ya pili ya somo la kupanga majedwali, mniwie radhi. Itakuja.

Tuanzie mbali. Kule Marekani gari jipya likiwa dukani lina karatasi dirishani. Sheria ya mwaka 1958, iliyosukumwa na seneta mmoja wa Oklahoma aitwaye Mike Monroney, inamlazimu mtengenezaji kubandika bei anayoipendekeza, bei ya vifaa vya ziada na gharama ya kulisafirisha gari hadi kwa muuzaji. Muuzaji halazimiki kuifuata bei hiyo, lakini iko pale na kila mtu anaiona. Mwaka 2021 na 2022 chipu zilipoadimika duniani, magari yakawa haba na wauzaji wakaanza kudai maelfu ya dola juu ya bei ya dirishani. Wamarekani walilia kweli kweli. Mapema 2022 Ford na General Motors ziliwaonya wauzaji wao waache tabia hiyo.

Nilisoma malalamiko yale nikiwa hapa Nakuru, nikacheka kicheko cha mtu mwenye jino bovu. Wenzetu wanalia kwamba muuzaji kaweka cha juu. Sisi tungeanza vipi kulia? Cha juu, juu ya nini?

Maana hapa kwetu, kuanzia Gilgil hadi Molo, kwa watu wengi "gari jipya" si gari lililotoka kiwandani. Ni gari lililotumika Japani, lisilozidi miaka minane kwa mujibu wa kanuni ya KS 1515 (tangu Januari 2026 linapaswa kuwa liliandikishwa mara ya kwanza 2019 au baadaye), na ambalo halijapata mwenyewe hapa Kenya. Linashushwa Mombasa, dereva wa kulipwa analipandisha bara likiwa na namba za KG, linaoshwa, linapangwa yadi na viti vyake bado viko ndani ya nailoni. Kwenye kioo cha mbele utaona karatasi yenye mwaka, ukubwa wa injini na neno AUTO kwa herufi kubwa. Bei? Bei ni ya kuongea.

Shemeji yangu analima viazi upande wa Mau Narok na anataka Probox. Ukiishi Bonde la Ufa huhitaji kuelezwa sababu. Mjapani aliliunda gari hilo libebee mizigo midogo ya ofisini, sisi tukaligeuza kuwa matatu, lori la kabeji, gari la arusi na ambulensi, yote katika juma moja. Sacco yake imekubali kumkopesha. Basi akaenda yadi moja hapa mjini, moja kwa moja kutoka shambani, gambuti zikiwa na udongo. Akaambiwa 1,450,000. Jioni nikapiga simu mimi, nikauliza gari lilelile, rangi ileile, nikasema nalipa taslimu. Nikaambiwa 1,390,000 "na tutaelewana". Siku mbili baadaye mwenzangu wa kazini, ambaye ameshanunua magari mawili pale, akauliza kwa WhatsApp. Akapewa 1,290,000 na alama ya kicheko.

Gari moja, wiki moja, bei tatu, na tofauti ya 160,000 kati ya mtu wa gambuti na mtu wa WhatsApp. Gunia la viazi la kilo 50 likiuzwa shambani kwa 2,000, hayo ni magunia 80. Na tukauliza pia mpango wa lipa polepole, nusu sasa na nusu kwa miezi kumi na miwili. Ukijumlisha malipo yote unafika 1,720,000. Nasema ukijumlisha wewe mwenyewe, kwa sababu ile jumla haikuandikwa mahali popote.

Sasa mtu ataniambia: bwana, hiyo ndiyo biashara, kupatana bei ni mila yetu. Sikatai. Mama mboga wa Wakulima Market nami tunapatana kila Jumamosi na sote tunafurahi. Lakini mimi nimenunua nyanya mara elfu, najua jana zilikuwa ngapi, na nikikosea napoteza shilingi ishirini. Gari mtu hununua mara moja, mbili, labda tatu maishani. Anayeliuza anauza kila wiki. Hapo si kupatana. Mmoja anaona karata za mwenzake na mwingine hata zake hazioni vizuri.

Shemeji mwenyewe alilieleza vizuri kuliko mimi. Alisema hiyo ni lumbesa. Kwa mlio mbali na mashamba: lumbesa ni gunia lililojazwa likafika mdomoni, kisha likashonewa kilemba juu, nalo linanunuliwa kwa bei ya gunia moja. Mkulima wa viazi ameliwa kwa kilemba hicho miaka na miaka. Dawa iliyotafutwa haikuwa kumpangia bei. Ilikuwa kuweka kipimo, kilo 50, mwisho. Lumbesa hazijaisha, mkipita Molo mtaziona bado. Lakini leo mkulima akionyeshwa gunia lenye kilemba anajua kilemba kinaanzia wapi, na anaweza kukitaja. Yadi haina kilo 50. Kilemba kimeshonwa pamoja na gunia.

Na kinachonikera kama mtu wa programu ni kwamba data ipo. Si kwamba bei ya gari ni siri ya Mungu.

KRA wana orodha iitwayo CRSP, yaani bei ya rejareja ya sasa. Ni faili tu: aina, modeli, injini, bei. Orodha mpya ilitangazwa kuanza Julai 1, 2025. Gari likifika Mombasa, KRA hawaulizi ulilinunua kwa shilingi ngapi wakaamini. Wanachukua bei ya gari la aina hiyo likiwa jipya, wanapunguza uchakavu kulingana na umri, wanaondoa kodi zilizomo ndani ya bei hiyo, na kinachobaki ndicho thamani ya forodha. Kwa maneno mengine, Kenya inayo bei ya kibandiko ya kila gari. Serikali inaijua, muuzaji anaijua, ajenti wake wa bandarini anaijua kwa moyo. Asiyeonyeshwa ni shemeji.

Kutoka hapo ni hesabu ya darasa la saba. Chukua thamani ya forodha ya 400,000, mfano tu, si gari lolote ninalolijua, na injini isiyozidi 1500cc. Kwa viwango vya 2025, ushuru wa forodha ni asilimia 35, yaani 140,000. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 20 ya jumla ya hizo mbili, 108,000. VAT ni asilimia 16 ya yote hayo, 103,680. Ada ya tamko la uagizaji asilimia 2.5, yaani 10,000, na tozo ya reli asilimia 2, yaani 8,000. Jumla ya kodi ni 369,680. (Ndiyo, mnaona kodi inatozwa juu ya kodi. Hiyo ni hasira ya siku nyingine.) Kisha ongeza bei ya Japani pamoja na meli na bima, ambayo tovuti za wauzaji wa huko huonyesha wazi kwa dola, ongeza ajenti, bandari, dereva na mafuta hadi Nakuru. Faili yangu ya Excel ina safu kumi na moja na inafanya kazi yote hii. Kilichobaki hadi kufikia bei ya yadi ndicho cha juu.

Niseme wazi kwamba sina ugomvi na cha juu chenyewe. Mwenye yadi amefungia pesa zake kwenye chuma miezi kadhaa, huenda ni pesa za benki, analipa kodi ya uwanja na askari wa usiku, na gari likikaa halimletei kitu. Ale faida. Sitaki serikali imwekee kikomo. Ninachotaka ni faida ikae kwenye safu yake, isijifiche ndani ya safu ya dola.

Kwa sababu dola imekuwa kisingizio kizuri mno. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160, na kila yadi ilikueleza hivyo kabla hujafunga mlango wa gari. Kufikia Agosti mwaka uleule ilikuwa karibu 129. Yeni nayo katikati ya 2024 ilikuwa imeanguka vibaya mbele ya dola, maana yake magari ya Japani yalikuwa nafuu kwa mwenye dola. Sikusikia yadi hata moja ikitangaza kwamba dola imeshuka.

Linganisheni na mafuta. Tarehe 14 ya kila mwezi EPRA hutangaza bei ya juu ya petroli, na ya Nakuru huwa na senti zake kabisa. Tunajua bei ya kitu kinachoingia kwenye tangi hadi senti, hatujui bei ya tangi. Na huu ndio mji uliompa Mkenya supamaketi! Nakumatt jina lake lilitokana na Nakuru Mattresses, Tuskys na Naivas chimbuko lao ni Rongai hapa jirani. Mbili za kwanza zimeshakufa, lakini zilituzoesha kwamba bei inakaa kwenye rafu.

Wengine wanasema intaneti itarekebisha. Haijarekebisha. Fungueni tovuti yoyote ya matangazo ya magari mtaona ninachosema. Aliyeiunda alifanya jambo sahihi, akalazimisha sehemu ya bei ijazwe. Muuzaji akajaza "1". Au "123". Gari la milioni moja na nusu linauzwa shilingi 1, kisha chini yake namba ya simu. Kila mtu aliyewahi kuunda fomu anajua hili: ukilazimisha sehemu ijazwe bila kulazimisha iwe kweli, utapata takataka iliyojazwa kikamilifu. Kwa hiyo hata sheria ya kusema "andikeni bei" peke yake haitoshi. Bei iliyoandikwa lazima imfunge aliyeiandika, kwa siku zinazojulikana, kwa gari lenye namba ya chasi inayojulikana.

Na si kwamba ninaota mambo ya Ulaya. Sheria yetu wenyewe ya lipa polepole, Sura ya 507, ya mwaka 1968, inamtaka mwenye mali amwandikie mteja bei ya taslimu kabla ya mkataba kufungwa, au bei hiyo iwe kwenye kibandiko juu ya mali yenyewe. Kibandiko! Imo kwenye vitabu tangu kabla sijazaliwa. Kasoro yake ni kwamba inamhusu anayelipa polepole tu, na hata huyo hapewi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 nacho kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa. Sioni habari inayohitajika kuliko bei.

Wamarekani nao wasitupumbaze, karatasi ya dirishani haijawaponya. Shirika lao la kulinda wateja lilitunga kanuni mwishoni mwa 2023 ya kuwabana wauzaji wa magari wanaoficha ada, na Januari 2025 mahakama ya rufaa ikaifuta kwa kukosea utaratibu. Lakini mteja wao akiingia dukani na kuona dola 5,000 juu ya karatasi, anaweza kunyoosha kidole akasema "hii hapa". Sisi tunatoka yadi tukiwa na hisia tu kwamba tumeliwa, bila kujua ni kidole au mkono.

Huku tukingoja sheria, nimeandika ujumbe mmoja ambao sasa nautuma kila mahali, na mnaweza kuunakili: "Naomba bei ya mwisho ya taslimu ya gari hili, kwa maandishi, pamoja na namba ya chasi, na bei hiyo ni ya hadi tarehe gani." Hausemi mimi ni nani, hauonyeshi gambuti wala suti. Niliutuma kwa yadi sita kati ya Nakuru na Naivasha. Tatu zilijibu "piga simu". Moja ilinitumia picha ya gari jingine. Moja haikujibu. Ya sita ilijibu kwa dakika kumi: 1,340,000, namba ya chasi, bei ni ya siku saba, na bila kuombwa ikaambatanisha hati ya kodi iliyolipwa bandarini.

Si bei ya chini kuliko zote tulizosikia. Mwenzangu wa WhatsApp angelipata lile jingine kwa 50,000 pungufu, na ameshajitolea kulinunua kwa jina lake kisha alihamishe. Shemeji amekataa. Kesho kutwa anaenda na fundi wake wa Shabab walitazame hili la 1,340,000 chini ya bodi, na barua ya Sacco iko mfukoni.