Kompyuta ya nyumbani: usinunue kwa macho

Jumapili hii tuweke kando mapishi na malezi, tuzungumzie kifaa ambacho watoto sasa wanakililia kama sisi tulivyolilia viatu vya Krismasi. Naam, ni kompyuta, au tarakilishi kama walimu wetu wa Kiswahili wanavyopenda kuiita.

Najua utasema hela hazipo. Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Mwenye pesa nyingi akikosea hununua nyingine. Mimi na wewe tukikosea, mtoto hukaa mwaka mzima akiandika kazi za chuo kwa simu.

Dada yangu anaishi Skuta, Nyeri, ambako anauza mayai na mboga. Mwaka juzi bintiye aliitwa chuo kikuu. Zamu ya dada katika chama ilipofika alipokea shilingi 30,000. Akapanda matatu hadi mjini, akaingia duka la kwanza lenye taa nyingi, akatoka na kompyuta mpya ya kupakata ya shilingi 28,500. Ilikuwa nyembamba, rangi ya fedha, bado imevikwa nailoni yake. Majirani walikuja kuitazama.

Muhula wa kwanza haukuisha. Binti akanipigia simu.

"Anko, kompyuta imejaa."

"Imejaa nini? Umeweka sinema?"

"Hata sijaweka kitu. Imejaa yenyewe."

Alisema kweli. Ghala la kompyuta ile lilikuwa la gigabaiti 64 tu, na Windows 11 pamoja na masasisho yake ilikuwa imekalia sehemu kubwa. RAM ilikuwa gigabaiti 4. Vyote viwili vilikuwa vimechomelewa ndani, hata fundi hangeweza kuviongeza. Mwenye duka hakumwambia dada uongo wowote. Namba zote zilikuwa zimeandikwa kwenye boksi. Ila dada alinunua kwa macho, na macho hayasomi kilicho ndani.

Basi msomaji, kabla hujatoa pesa mfukoni, uliza namba tatu.

Ya kwanza ni RAM. Hii ni kama meza ya kufanyia kazi: ikiwa ndogo, huwezi kufungua vitabu vingi kwa pamoja. Kwa mwanafunzi au familia, usishuke chini ya gigabaiti 8.

Ya pili ni ghala, yaani kabati la kuwekea vitu. Tafuta gigabaiti 256 au zaidi, na liwe la aina ya SSD. Zile diski za zamani zinazozunguka ni za polepole, na mtikisiko wa matatu unaweza kuziharibu.

Ya tatu ni kizazi cha prosesa, na hapa ndipo wengi wanapotegwa siku hizi. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa upande wake, kwa jumla inataka prosesa za Intel za kizazi cha 8 kwenda juu. Kompyuta za vizazi vya nyuma bado zinauzwa, tena kwa bei ya kuvutia, na nyingine zimewekewa Windows 11 kwa njia za mkato. Ukiona imeandikwa i5-6300U, ile 6 baada ya kistari ndiyo kizazi. i5-8350U ni kizazi cha 8. i5-1135G7 ni cha 11. Kwa hiyo "Core i5" peke yake haikuambii kitu. Ni kama kuambiwa gari ni Toyota bila kuambiwa ni la mwaka gani.

Je, hizo za zamani hazifai kabisa? Zinafaa, mradi ujue unachonunua. Unaweza kuziwekea Ubuntu na LibreOffice, ambazo ni za bure, na mtoto akaandika na kusoma vizuri. Lakini uliza chuo kwanza. Anayesomea uhandisi au uchoraji wa ramani za nyumba atahitaji programu kama AutoCAD, na hiyo kwenye Ubuntu itamsumbua.

Sasa swali kubwa: mpya au kuukuu? Kwa bajeti ya dada yangu, mimi nasema kuukuu, zile wauzaji wanazoziita "ex-UK". Nyingi zilikuwa za ofisi za ng'ambo, zikabadilishwa baada ya miaka michache. Ziliundwa kwa kazi ya kila siku, na nyingi zinafunguka ili fundi aongeze RAM au abadilishe ghala. Mpya ya bei ya chini kabisa mara nyingi imepunguzwa ndani ili ing'ae nje.

Lakini kuukuu haikaguliwi kwa kupapasa mgongo. Izime, uiwashe upya. Ikidai nywila ya kampuni usiyoijua, irudishe mezani uende zako. Bonyeza kila herufi ya kibodi. Jaribu kamera, sauti, Wi-Fi na kila tundu. Kisha fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport. Itatengeneza ripoti na kukuonyesha mahali ilipoihifadhi. Linganisha nguvu betri iliyoundiwa na nguvu inayobaki sasa. Ikiwa imebaki nusu au chini ya hapo, pigania bei ipunguzwe kwa gharama ya betri nyingine, au utafute kwingine.

Kuna wenye kutaka ya mezani kwa sababu yote watatumia nyumbani. Si wazo baya. Kwa pesa ileile mara nyingi utapata yenye nguvu zaidi, na vipuri vyake ni rahisi kubadilisha. Ila piga hesabu ya skrini, kibodi na UPS, maana umeme ukikatika kazi isiyohifadhiwa hupotea.

Jihadhari pia na lipa polepole. Tuseme kompyuta ni shilingi 38,000. Unaambiwa utoe 8,000 leo, kisha 150 kila siku kwa mwaka mmoja. Shilingi 150 ni bei ya chai na mandazi, sivyo? Zidisha kwa siku 365: ni 54,750. Ongeza zile 8,000, unapata 62,750. Umelipa ya pili nusu na zaidi, na nyumbani kuna moja tu.

Hebu nirudi Skuta. Dada alikopa katika chama, tukaenda mjini pamoja. Safari hii alikuwa na namba zake tatu kwenye karatasi. Kompyuta ya kwanza ilikuwa safi kwa macho, lakini ripoti ilionyesha betri iliyoundiwa 50,000 imebakiwa na 21,000. Dada akaisukuma kando, akaitisha nyingine.

"Mathe, unanunua ama unafanya mtihani?" kijana wa duka akauliza.

"Nafanya mtihani," dada akamjibu. "Ule wa kwanza nilianguka."

Ya tatu ndiyo aliyoilipia: kizazi cha 8, RAM 8, SSD 256, shilingi 31,000, na risiti iliyoandikwa namba ya kompyuta na miezi sita ya waranti. Risiti hiyo, msomaji, ni sehemu ya bei. Usitoke dukani bila hiyo.

Inashangaza kidogo. Katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, humo humo Nyeri, kuna kampuni ya Semiconductor Technologies inayoshughulikia vijisahani vya kielektroniki, viungo vya kompyuta zenyewe. Ujuzi uko karibu nasi. Ila mzazi anayeuza mayai bado anaingia dukani bila mtu wa kumwambia asome nini.

Dada alilipa deni kwa miezi minane. Ile ya rangi ya fedha haikutupwa. Anaandikia hesabu ya mayai. Husema ndiyo daftari ghali kuliko yote Skuta.

Wewe, kata ukurasa huu uende nao dukani. Tukutane Jumapili ijayo.