Mcheza Kwao Atunzwe: Wito kwa Watu wa Kusini

Ndugu zangu wa Mtwara, Lindi na Ruvuma, ninawaandikia kuhusu wachoraji na wachongaji wetu. Ombi langu ni kwamba tuwe wateja wao wa kwanza. Tununue kazi zao, tuwapatie mahali pa kufanyia kazi, na tuwape heshima ileile tunayompa fundi yeyote anayelisha familia kwa mikono yake.

Vipaji havijawahi kutuishia. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Umaskini ulimpeleka kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha Dar es Salaam, na huko mwaka 1968 akaanza kuchora ndege na wanyama kwa rangi za kawaida za dukani. Picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baada ya kuanza, lakini vijana aliowafundisha hawakuiweka chini brashi. Leo mtindo mzima wa uchoraji unaitwa kwa jina lake, na picha zake hutafutwa na watu wa nchi za mbali ambao Tunduru hawajawahi hata kuisikia.

George Lilanga alizaliwa mwaka 1934 wilayani Masasi. Alijifunza kuchonga kwao, akaenda Dar es Salaam, akapata kazi ya ulinzi kwenye kituo cha wasanii cha Nyumba ya Sanaa. Humo humo kipaji chake kikaonekana, akapewa nafasi ya kufanya kazi yake, na mwaka 1978 kazi hizo zikaonyeshwa Washington. Kabla yao, wachongaji wa Kimakonde waliovuka Mto Ruvuma walikuwa wamekwisha kuufanya mpingo uzungumze kwa namna mpya. Samaki Likankoa anakumbukwa kwa vinyago vya mashetani, naye Yakobo Sangwani kwa mti wa ujamaa, ule msururu wa watu waliobebana kutoka shina hadi kilele.

Hawa wote walikuwa wasanii wa wakati wao. Hawakurudia ya mababu, bali walichukua walichorithi wakakigeuza. Lakini majina yao yalikulia Dar es Salaam, kwa sababu huko ndiko walikokuwa wanunuzi, na wengi wa wanunuzi hao walikuwa wageni. Hapo ndipo tatizo letu lilipo mpaka leo.

Msanii akimtegemea mtalii peke yake, hulazimika kurudia kile mtalii anachokitaka: twiga, simba, Mlima Kilimanjaro, na kinyago kidogo kinachoingia kwenye begi. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipowazuia watalii, wasanii wengi walibaki na kazi zao mikononi. Na hata watalii wakirudi, hasara nyingine inabaki. Kijana wa Newala anayetaka kuchora mnada wa korosho, mama anayebangua kwa vidole vilivyoungua, bomba la gesi lililopita jirani na kijiji, au vijana wanaotoka jandoni wakiwa na simu mkononi, atamuuzia nani picha hizo? Mgeni haijui habari hiyo. Habari hiyo ni yetu, na itachorwa tu kama sisi tutakuwa tayari kuilipia.

Tunajua jinsi inavyouma kazi za mikono yetu zikiondoka. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kilikuja kuonekana kwenye Makumbusho ya Barbier-Mueller huko Geneva, na kikarudishwa mwaka 2010 baada ya miaka mingi ya kudaiwa. Taifa lilifurahi, na lilikuwa na haki ya kufurahi. Basi tusisubiri kazi za leo ziondoke zote, halafu wajukuu wetu waanze safari ya kuzidai. Zinazonunuliwa na kutunzwa hapa hazitahitaji kudaiwa.

Tufanye nini? Kwanza ni sisi wenye nyumba. Kila msimu wa korosho tunajenga, tunapaka rangi, tunanunua makochi na televisheni. Ukutani tunatundika kalenda ya benki au picha ya maua iliyochapwa kiwandani ng'ambo. Bajeti ya samani iwe na sehemu ya kazi moja ya msanii wa hapa. Kama bei ni kubwa, zungumza naye umlipe kidogo kidogo, kama tunavyofanya kwa fundi seremala. Ila usimlazimishe kushusha bei kana kwamba kazi yake ni mchezo. Kinyago cha mti wa ujamaa hupita kwenye shoka, tezo, patasi, tupa na msasa, na kinaweza kumchukua mtu miezi.

Pili ni taasisi. Wenye hoteli na nyumba za wageni, vyama vya ushirika kama TANECU na MAMCU, kampuni za gesi na saruji, parokia na misikiti yenye kumbi: kuta zenu ni nyingi na watu hupita kila siku. Nunueni kazi, andikeni jina la msanii chini yake, na mahali pa kumpata.

Tatu ni halmashauri. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu haikuwekwa kwa bodaboda na ufugaji wa kuku peke yake. Kikundi cha wachoraji kina sifa sawa na kikundi kingine, na maofisa utamaduni wawasaidie kuandika maombi. Pia tutafutiwe jengo. Nafasi Art Space ya Mikocheni, Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2008, iligeuza makontena kuwa studio, na wasanii wengi wa nchi hii wamepitia hapo. Ghala moja la zamani mjini Mtwara, likipigwa plasta na kuwekewa umeme, linatosha kwa kuanzia. Mtwara tayari tuna tamasha la MaKuYa linalozikutanisha ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao. Kando ya uwanja wa ngoma, pawe na ukumbi wa picha na vinyago.

Nne ni walimu na wazazi. Mtoto anayechora daftarini asichapwe kwa kuchafua karatasi. Mwalimu mkuu amwalike mchongaji wa kijiji aje shuleni na vifaa vyake, na alipwe posho kama mgeni mwingine yeyote.

Tukumbuke na mti wenyewe. Mpingo huchukua miongo mingi kufikia unene wa kuchongwa. Vijiji vya Kilwa vimeonyesha kwamba misitu ya mpingo inaweza kuvunwa kwa mpango na ikaingizia kijiji kipato. Anayependa vinyago aulinde msitu.

Nanyi wasanii, mna sehemu yenu. Tieni saini na mwaka kwenye kila kazi. Andikeni bei, mteja asibahatishe. Sajilini kazi zenu COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ili iwe rahisi kumshitaki anayezinakili. Ulizieni mikopo ya Mfuko wa Utamaduni na Sanaa. Na mtuonyeshe mnachokiona kweli, hata kama ni kichungu kwetu. Sanaa inayotusifu tu haitatusaidia.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kwa wasanii wa Kusini neno hilo bado tunadaiwa, na deni hili linalipika. Msimu huu, kabla fedha ya korosho haijaisha, nunua kazi moja ya msanii wa hapa, itundike sebuleni, na utaje jina lake kwa kila mgeni atakayeuliza.